Sijaweka Sahihi, Muhonja

Muhonja mwanangu,

Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima. Wewe mwalimu wa kompyuta wa chuo kikuu utausoma tu.

Tangu tukuzike sijaenda soko. Lakini Jumanne alikuja yule mwalimu mwenzako wa utafiti, mwenye viatu vya kuchongoka. Alileta karatasi. Ati kazi yako ya sauti iendelee, mimi kama mama niweke sahihi. Nikampa chai na viazi vitamu, nikaanza kusoma polepole, yeye anaangalia saa. Nikafika neno moja: kusafisha. Nikauliza, kusafisha nini?

"Data, mama. Sauti za wamama wa Khayega ziko na makosa. Wanachanganya l na r. Tutazitoa, tubaki na safi."

Unajua mimi ni mwoga, ukichelewa kupiga simu navaa viatu nikutafute. Lakini nilikumbuka ile siku.

Ulikuwa umeniambia unafanya utafiti wa data, nami nikatangaza soko nzima. Wamama wakajaa jikoni na simu zao, uwawekee bando za intaneti! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukawaambia, "Hapana, data ni nyinyi. Sauti zenu ndizo zitafundisha mashine." Ukaniwekea simu mdomoni nikisonga obusuma, ugali wetu, nikaanza kuongea kama mtu wa redio. Ukanikataza. "Mama, usinyooshe maneno. Ongea vile unaongeanga. Siku moja mama atapigia mashine ya hospitali aulizie mtoto mgonjwa, na lazima imwelewe." Rispa jirani akasema, "Mtoto amerara, haamuki." Ukampigia makofi.

Sasa huyu anataka Rispa atolewe. Kesho mashine itamwambia nini mama kama yeye? Ati haimsikii?

Nikamwambia, "Mwalimu, hayo makosa ndiyo yalimzaa Muhonja."

Akasema mambo ya kisomo siwezi kuelewa.

Nikamuuliza, "Basi sahihi ya mtu haelewi unaitakia nini?"

Aliacha chai nusu.

Baba yako mdogo amenigombeza, ati nafungia kazi yako ndani ya nyumba. Hiyo inaniuma, Muhonja. Pengine ni kweli. Naitoa kompyuta yako yenye zile sauti, naifuta vumbi, naogopa kuigusa sana. Je, nikiiharibu? Je, ikikaa tu hapo, hakuna mtu atasikia kitu ulichohangaikia mpaka ugonjwa ukakuangusha? Nalia. Halafu nalia na hasira, na hasira inanisaidia kusimama.

Jumatatu tunaenda chuo, mimi na Rispa na wamama wote uliowarekodi. Tutaingia kwa mkubwa wa huyo mwalimu, tutaongea vile tunaongeanga. Asipotuelewa, yeye ndiye arudi shule.

Pumzika, mama. Nakuahidi, karatasi itakayopata sahihi yangu itakuwa na jina lako mbele, na ndani sauti zetu zote, hakuna hata moja imetolewa. Kama hiyo haiko, kalamu itakauka mkononi mwangu.

Mimi mama yako, na siogopi. Naogopa kidogo. Lakini naenda.