Watoto Tisa wa Mama

Likasi, Jumatano jioni

Tisa. Bado sijaizoea namba hiyo.

Wiki nzima sisi walimu tunahesabu watu hapa Kikula, na leo zamu imefika nyumbani kwa mama yangu. Nilifungua karatasi nikamwuliza kama ninavyowauliza mama wote: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai?

"Tisa," akasema. "Bazima iko sita."

Nikacheka. "Mama, sisi tuko sita tu."

"Weye unaniuliza minye, ao unajijibu?"

Kisha akaeleza, huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya kupika jioni. Mapacha wawili walikufa kwa surua nikiwa na miaka miwili. Na kabla yangu alikuwako msichana. Alimzika kule Kasai, ndipo baba akaajiriwa mgodini, wakapanda treni kuja huku.

Maisha yangu yote wananiita mtoto wa kwanza.

"Mbona hukusema, mama?"

"Akuna muntu aliniulizaka, mutoto yangu."

Nikaandika tisa, nikaandika sita. Mama hajui kusoma, lakini aliinamia karatasi akauliza, "Jina yake umeandika wapi?"

Nikamjibu kwamba karatasi inataka hesabu tu, haina mahali pa majina ya waliokufa. Hakukasirika. Alirudia sombe yake, na ndicho kinachoniuma mpaka sasa.

Nikamwomba anitajie jina la yule msichana, nitaliandika mwenyewe nyumbani kwangu. Akalitaja, kisha akalirudia polepole nisije nikakosea.

Dada yangu mkubwa anaitwa Kapinga.