Dirisha la Ndege Juu ya Uso Wako

Odhis, omera, rafiki yangu,

Nimekaa kibandani kwetu hapa Migori. Benchi lako liko wazi na hakuna mtu wa kuniambia nifunge mdomo. Wateja wananihurumia. Hebu fikiria: mimi, mwanaume aliyefika Mwanza na Kampala, nahurumiwa na dereva wa lori la miwa.

Kazi ipo. Jua bado linageuza taa za magari kuwa njano, kwa hiyo bado yanaletwa. Wewe ulikuwa unashika taa ya kulia, mimi ya kushoto, msasa na maji, kisha dawa ya meno na kitambaa, tukishindana nani ataing'arisha kwanza. Sasa namaliza yangu, halafu nazunguka mbele ya gari kwenda kwa yako. Hapo ndipo mkono unakataa.

Ubishi wetu je? Nilikwambia dirisha la ndege si kioo, ni plastiki, ndugu ya hizi taa na ya jagi la maji. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Plastiki kama beseni? Wewe ulipanda ndege au ulipanda beseni?" Nikakuapia: Kisumu mpaka Nairobi pua yangu ilikuwa kwenye lile dirisha, na niliona michirizi midogo kama ya taa zetu. Hukukubali. Homa ikakuchukua hivyo hivyo, mbishi.

Basi jeneza lako nilisimamia mwenyewe. Seremala alitaka kuweka kioo cha kawaida pale juu ya uso. Nikakataa, nikamletea plastiki ngumu, jamii ile ile ya dirisha la ndege, maana najua mashimo ya barabara ya kwenda kwenu Rusinga, na najua dada zako wakilia wanapiga na mikono.

Dirisha lako halikuvunjika, Odhis. Lakini pikapu ilikula vumbi, na tuliposimama Homa Bay shangazi zako wote walitaka kukuona. Kila mmoja akafuta na leso, mchanga ukiwa bado juu. Plastiki haivunjiki, ila inakwaruzika upesi. Tulipofika kwenu, mama yako aliinama, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema polepole, "Kuna ukungu hapa. Mmeniletea nani?"

Nikainama nami: michirizi ile ile ya taa zetu.

Nikaomba dawa ya meno. Watu walinitazama kama mlevi. Nikapiga magoti nikasugua, duara juu ya duara, bila haraka, vile ulivyokuwa unanigombeza nifanye. Maji yakaisha, machozi yakaendelea na kazi. Ukaanza kutokea: paji, pua, lile kovu juu ya jicho. Mama yako akaweka kiganja pale juu, akakuita kwa jina la utotoni ambalo hukuwahi kuniambia. Hakukiondoa mpaka walipombembeleza.

Kwa hiyo nimeshinda ubishi, na sina wa kumringia. Umepata kiti cha dirishani, wewe ambaye hata uwanja wa ndege hukuwahi kufika.

Lala, ndugu yangu. Kwa mama nitakuwa nikienda, nimchekeshe kidogo. Na kuanzia kesho, gari likiletwa, nitaanza na taa yako ya kulia, mkono ukiwa bado na nguvu. Hii yangu itasubiri.

Wako wa taa ya kushoto,
Ouma