Betri ya Redio ya Upepo

Jumatatu, 5 Aprili 1976
Betri ya redio ya upepo, ile ya kuitia hospitali, imerudi na basi, imechajiwa Bukoba. Mwanangu Koku analia mgongoni, meno yanaota. Nimepima haraka haraka: volti 13.2. Nikaandika "nzima" kwenye daftari la zahanati, nikatia sahihi. Basi likaondoka.

Jumanne, 6
Asubuhi 12.4. Nikawasha redio, nikabana kitufe cha kuongea. Sindano ya mita ikaanguka hadi 10. Hospitali wakasema sauti inakatika.

Kosa langu. Fundi wa redio alinifundisha: ikitoka kuchajiwa iache ilale, upime kesho yake, tena ikiwa kazini. Jana nilipima chaji ya juu juu. Ndani imechoka.

Naogopa. Mimba ya wifi Adela imetimia. Ya kwanza alipasuliwa. Bila gari la hospitali atakufa, na gari haliji bila redio.

Alhamisi, 8
Basi limepita. Nikiipeleka betri, siku nne hatuna kitu. Sikuipeleka. Sijui kama nimefanya vema.

12.2, redio imezimwa. Siiwashi kujaribu. Kila nikijaribu naila chaji iliyobaki.

Ijumaa, 9
Mwenyekiti wa kijiji kaitaka betri, ya kipaza sauti cha mkutano.
"Mama Koku, betri ni ya kijiji, si ya kwapa lako."
"Waitu, ndugu Mwenyekiti, wewe sauti unayo. Ya Adela ni hii."
Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nimekaa juu ya sanduku la betri nikinyonyesha mpaka mkutano ukaisha.

Jumamosi, 10
Uchungu umeanza kulipokucha. Nikabana kitufe. Jina la kijiji. Mama wa kupasuliwa. Njooni. Sindano 9, kisha 8. Redio kimya. Jibu sikusikia.

Mama mkwe akauliza wamesemaje. Nikasema wanakuja. Nimemdanganya.

Saa tatu. Saa tano. Adela kanishika mkono. Nilitoka nje nikatazama barabara.

Jumapili ya Matawi, 11
Hospitalini. Gari lilifika jana saa sita mchana. Dereva anasema walisikia jina la kijiji tu, likakatika. Muuguzi akamwambia nenda, hao hawaiti kusalimia.

Mtoto wa kiume. Adela kapasuliwa salama, amelala, maziwa yake bado. Nimewanyonyesha wote wawili, Koku huku, mgeni huku. Mkono umekufa ganzi. Sijauondoa.