Pemba ya Baba Mukubwa

Nono, uko? Acha yote, soma. Tumetoka kwabo Chance sasa hivi, ningali na kasirani.

Unajua kesho Chance anaenda na équipe nationale ya mupira ya banamuke. Basi mama yake aliita jamaa yote mu parcelle ya nyumba yabo, pale commune ya Kenya, juu baba mukubwa Alphonse amubariki, amupake pemba, ule udongo mweupe wa baraka, pa uso.

Ule Alphonse! Mwenye alimuchomea souliers, viatu vyake vya mupira, mu moto ya makala, mu mbabula! Mwenye alisema mwanamuke wa kucheza mupira hatazaa! Leo alifika na maillot ya Léopards, jezi ya équipe nationale, alikamata micro ya kusemea: "Miye njo nilimufundisha huyu mutoto!"

Nono. NILIMUFUNDISHA.

Chance alibana meno. Aliniambia baadaye alikuwa anasikia tena harufu ya zile souliers zinaungua. Lakini mama yake alimuvuta nguo, njo Chance alipiga magoti. Muzee alitia kidole mu pemba, alirudia mu micro: "Enda utufungie ma buts mingi, vile nilikufundisha!"

MA BUTS MINGI! Chance iko gardien, mulinda mulango! Miaka saba! Hata mara moja hakumuangalia akicheza!

Chance alisimama: "Baba mukubwa, miye nakingaka ma buts. Sifungake."

Njo mama, ule mama wa kuogopa kila mutu, alimunyanganya muzee sahani ya pemba, alimupaka mutoto wake yeye mwenyewe.

Alphonse alibakia katikati ya parcelle, kidole juu, cheupe na pemba, hana uso wa kupaka.