Kama Baba Alisikia Akiwa Barazani

Geita

Mke wangu Mama Kulwa,

Hamjambo hapo nyumbani? Kulwa na Doto kikohozi kimewaachia? Na mvua, imewakumbuka Shinyanga au mahindi yananyauka tu? Mimi nipo, moyo unadunda. Ningekupigia, ila simu ya hapo nyumbani inawekwa sauti kubwa na ukoo mzima unaizunguka kama wanasikiliza mpira. Haya ya leo yasome peke yako.

Mguu wa kushoto bado haujarudi. Jana natoka kwenye mazoezi, kijana wa bodaboda akaniita, "Kaka, ndala yako hii huku nyuma!" Nilikuwa nimeiacha njiani na sikuhisi kitu. Nikacheka naye. Nilipofika chumbani nikafunga mlango, nikalia. Mpira wa mkojo ninao bado. Daktari aliyenipasua kule Mwanza anasema mishipa ya fahamu ilibanwa mgongoni muda mrefu mno kabla sijafikishwa kwake, kwa hiyo haniahidi lolote. Naogopa, Mama Kulwa. Nikiamka asubuhi, kabla ya kufumbua macho, najaribu kwanza vidole vya mguu.

Unakumbuka Baba yako alipokuja huku kuniletea mchele, akanikuta siinuki kwa kubeba viroba vya mawe ya duarani, kule shimoni tunakochimba dhahabu. Ndiye aliyenipakia bodaboda mpaka zahanati, tukaingia wote kwa daktari. Nikaanza na habari ya mgongo. Nilipofika pa kusema mengine nikasita, nikashika mkanda. Baba akaelewa kuwa yanakuja mambo ya chini ya kiuno, akainuka taratibu akatoka barazani. Mkwe na mkwe hawasikilizani mambo hayo, ndivyo tulivyolelewa. Moyoni nilimshukuru sana.

Basi nikasema yote. Mficha uchi hazai. Nikasema miguu ina ganzi mpaka makalioni, na mkojo unakataa kutoka. Daktari hata hakunigusa. "Nyie wachimbaji bwana! Misuli hiyo. Kunywa dawa, pumzika." Nikarudi tena baadaye, nikapewa vidonge vilevile. Safari iliyofuata nilibebwa, hadi Mwanza.

Sasa wakili wetu, yule mama niliyekuambia, amepeleka madai mahakamani. Juzi aliniita. "Baba Kulwa, yule daktari wa zahanati anasema ulilalamika mgongo tu. Ganzi hukutaja, mkojo hukutaja. Nani mwingine alisikia?"

"Baba mkwe."

"Alikuwa humo ndani?"

"Alikuwa barazani."

Akaweka kalamu chini. "Mlango ulikuwa wazi?"

Sikumbuki. Nakumbuka pazia tu, la maua mekundu, lakini nyuma ya pazia kama mlango ulirudishwa, sijui. Nimelitafuta kichwani hadi kichwa kinauma. Wakili anasema bila mtu aliyesikia, litabaki neno langu na neno la daktari, na unajua mwenyewe la mchimbaji lina uzito gani.

Mimi siwezi kumuuliza Baba. Wewe binti yake ndiyo kabisa. Mpitie bibi yako, maana yeye alimzaa na hamwonei haya. Amuulize swali moja: siku ile, pale barazani, alisikia nini? Asimdokezee jibu. Wakili ameapa kuwa ushahidi wa kupikwa utatuzika sote. Na Baba akisikia itambidi aje ayaseme mbele ya watu, mkojo wa mkwewe, yeye na umri wake. Sijui nitamtazamaje usoni.

Mpe mama yangu shikamoo, mwambie nakula vizuri. Mdogo wangu asimuuze yule mtamba, nitamchunga mwenyewe nikirudi. Mapacha wabusu, usiwaambie habari ya mpira.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Baba yako ni mtu wa heshima sana. Mtu wa heshima akitoka barazani kwa sababu ile, hasimami karibu na mlango. Husogea hadi kwenye miti huko, akatazama barabara. Mimi kila siku namwomba Mungu kitu cha ajabu, kwamba siku ile moja tu mzee yule awe alikosa adabu kidogo, awe alisimama pale pale nyuma ya pazia.

Ni mimi mumeo,
Baba Kulwa