Lori Lililokwenda Upande

Kiseke, Mwanza

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu tangu baridi iondoke huko Mbinga. Mimi huku ni mzima. Neno hilo leo naliandika bila kujikaza.

Kwanza unisamehe habari ya simu. Najua umepiga sana, nami nikawa najibu, "Niko barabarani, nitakupigia," halafu sipigi. Sikuwa na ugomvi na mtu. Niliogopa ungeisikia hofu kwenye sauti yangu. Mwalimu jirani yangu anakuja huko likizo, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Isome mwenyewe kwanza, kisha umsomee Mama.

Dada, tangu masika nilikuwa naamini kwamba napofuka kama Baba.

Kazi yangu unaijua. Nachukua magunia ya dagaa sokoni Mwaloni, kule Kirumba, nayaleta hapa Kiseke kwa Mama Kabula, mwenye mashine ya kusaga chakula cha kuku. Lori lake ni lile lile, mwaka wa sita sasa. Siku moja naingia getini kama kawaida, nikasikia kraa! Bodi imekwangua nguzo upande wa kushoto. Nikacheka tu. Wiki iliyofuata nikapita kando ya toroli la mtu pale sokoni; kichwa cha gari kikapita vizuri, nyuma ikalipindua. Kushoto tena. Hapo sikucheka. Nilikumbuka jinsi ilivyomwanza Baba: mbele anaona vizuri kabisa, hata misale ya kanisani anasoma, lakini anajigonga kwenye fremu ya mlango na kukanyaga vifaranga vilivyo pembeni yake. Sisi tukawa tunamcheka, mpaka hospitali waliposema ni presha ya macho, imeshakula pembeni na inaelekea katikati. Wewe ndiye uliyemshika mkono miaka yote ile, sina haja ya kukueleza.

Nikaanza kujipima kisirisiri. Nafumba jicho moja, nanyoosha mkono pembeni, natikisa kidole. Mara nakiona, mara najiambia sikioni. Na bega likaanza kuniuma, maana ili gari liende sawa ilibidi niushikilie usukani umelala kidogo kushoto. Nikasema basi, hata mikono nayo imeanza.

Kilichonimaliza ni mwanamume mmoja aliyesimama ukingoni mwa barabara akisubiri kuvuka. Nilimwona, Dada. Nilimwona na nikamwachia nafasi. Lakini kona ya nyuma ya bodi ikamgonga begani, akaanguka kwenye majani. Nilimpeleka zahanati, wakamkagua, hakuvunjika kitu, namshukuru Mungu. Jioni ile nikamkabidhi Mama Kabula funguo.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Siendi popote, mama. Sioni pembeni. Nitakuja kuua mtu."

"Daktari gani amekwambia?"

"Hakuna."

"Basi kesho nenda ukaambiwe. Huachi kazi kwa ugonjwa uliojipa mwenyewe."

Nilikwenda. Wakaniweka kidevu kwenye mashine, wakanipulizia upepo jichoni, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikiona taa ndogo pembeni. Daktari, binti mdogo kuliko ndugu yetu Gotfrid, akasema, "Macho yako mazima, mzee. Presha yake ni ya kawaida." Unadhani nilifurahi? Nilirudi na mawazo mengi kuliko niliyokwenda nayo. Kama macho ni mazima, anayegonga watu ni nani? Nikaona ama mashine imekosea, ama mimi nimekuwa mzembe tu.

Mama Kabula akaniambia nishike funguo. Nikakataa. Akanitazama, akakaza kitenge chake, akapanda mwenyewe. Kuendesha anajua, ila subira hana. Kutoka tu getini, kraa! Nguzo ile ile, upande ule ule. Wala hakusimama.

Alipokwisha kuondoka ndipo nikaona kibali cha kusafirishia dagaa amekisahau mezani. Nikachukua bodaboda tukamfukuza. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tulimpata mahali barabara imenyooka, tukawa nyuma yake. Miaka sita nimeliendesha lori lile, na sikuwahi hata siku moja kulifuata kwa nyuma. Mwenye pikipiki ndiye aliyeanza.

"Mzee, mbona gari hili linakwenda kama mbwa?"

"Kama mbwa vipi?"

"Huoni? Linakwenda mbele, lakini limekaa upande."

Nikatazama. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limechungulia nje, na mkia wote umetokeza kushoto. Kwenye lami yenye maji, matairi ya nyuma hayakufuata alama za yale ya mbele, yalichora za kwake. Lori zima lilikuwa linakwenda kiubavu, na Mama Kabula ndani hana habari, kama mimi nilivyokuwa sina. Nikaanza kucheka nikashindwa kuacha, mpaka yule mtu akasimamisha pikipiki akidhani nimepatwa na jambo.

Siku hiyo hiyo tulilipeleka kwa fundi wa springi, Mzee Masalu. Alipima kwa kamba kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, upande wa kulia, kisha kushoto. Kushoto kamba haikufika, ilipungukiwa vidole viwili.

"Uliingia kwenye shimo?"

Nikakumbuka. Wakati wa masika nilitumbukia mtaroni nikiwa na mzigo kamili.

"Basi bolti inayoibana ekseli kwenye springi ilikatika pale," akasema. "Ekseli ya nyuma, pamoja na matairi yake, imerudi nyuma upande huu mmoja. Matairi yanaangalia kushoto, gari linayafuata."

"Kwa vidole viwili tu?"

"Hapa ni viwili. Kule mkiani ni karibu shibiri. Na ukiwa ndani hujui, maana kioo kinakuonyesha bodi, na bodi haijapinda. Kilichopinda ni mwendo."

Akaisukuma ekseli mahali pake, akafunga bolti mpya. Nilipolijaribu, usukani ulitulia katikati. Mama Kabula akamwambia fundi, "Wabeja," ndiyo asante ya Kisukuma, kisha akanigeukia: "Na wewe, kesho saa kumi na mbili uwe Mwaloni. Usinililie hapa." Maana nilikuwa nalia, Dada, mbele ya mafundi.

Yule bwana wa barabarani nilimtafuta nikamweleza yote. Akaniuliza kama lori limetengenezwa kweli. Nikamwambia limetengenezwa. Tukapeana mikono.

Sasa sikiliza. Daktari aliniambia ugonjwa wa Baba hutembea kwenye ukoo, na watoto wake wote tunatakiwa kupimwa kila mwaka. Hakuna kati yetu aliyewahi kwenda. Tunasema hatuna nafasi, lakini najua ni woga, maana mimi nimeogopa miezi mitano kitu kilichopimwa asubuhi moja. Wewe umeshakaribia umri aliokuwa nao Baba ilipomwanza. Nakuomba umchukue Gotfrid, mwende hospitali Songea kabla kilimo hakijawashika. Hakuumi kitu. Jumapili baada ya misa nitapiga simu mwenyewe, nataka uniambie siku mtakayokwenda.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Salamu kwa shemeji Kastori, kwa wapwa zangu wote, na kwa Baba Mdogo, ambaye amezaliwa nyumba moja na Baba, mwende naye.

Mdogo wako akupendaye,
Meinrad