Kodo Hafumbi Macho

Kwako Dada mpenzi,

Pokea salamu zangu, zimechoka lakini ni za upendo. Magoti yanaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Sisi huku tu wazima, ila mgongo wangu unadai mapumziko kila asubuhi.

Barua yako nimeisoma. Unataka nimrudishe mwanao Chiriku wiki hii, kwani hukumleta kwangu alelewe na mazimwi. Basi nikueleze kazi yenyewe. Napiga picha za vijana wakiwa na mazimwi ya filamu wanayoyapenda. Kijana hupanga mwenyewe mandhari ya picha: kitanda, pazia na taa. Mwigizaji huvaa vazi la zimwi na kufanya anachoambiwa. Sharti ni moja, zimwi halisemi. Mmoja alitaka la kwake limkunjie nguo, mwingine limsaidie hesabu. Nimecheka hadi nimechoka kucheka.

Mwanao alimchagua Kodo, yule mwenye macho kama visosi, yasiyofumba kamwe. Nilimuuliza anapata raha gani kwa kitu kibaya vile. Akajibu tu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Unajua tangu pacha wake afariki maneno yamemkauka. Chiriku limebaki jina tu.

Siku ya picha mwigizaji akashikwa na homa. Dada, nilivaa mimi. Msaidizi wangu akashika kamera, na mtoto hatukumwambia. Niliona ni jambo dogo. Akaniketisha kitandani, akakaa mbele yangu, akaniomba nimtazame tu. Halafu akaanza kusema, nawe wamjua akianza. Alisema amefanana mno na pacha wake, ndiyo maana akiingia sebuleni wewe huangalia pembeni, na ukimpa chai unatazama kikombe. Alisema hakulaumu. Ila amechoka kutotazamwa, na Kodo peke yake ndiye asiyegeuza uso.

Nililia ndani ya lile jinyago, jasho na machozi pamoja, na mkono sikuinua kujifuta. Kodo halii.

Bado hajui kwamba nilikuwa mimi. Nitamwambia leo, na akikasirika ana haki. Lakini kumpakia basi peke yake siwezi. Njoo umchukue mwenyewe. Picha yake nimeitia humu kwenye bahasha, uanze kuizoea. Ukifika mlangoni, mimi nisalimie baadaye. Mtazame yeye kwanza. Ukilia, lia, Dada, lakini usigeuze uso.

Shemeji mpe salamu, na magoti uyakande.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama